Kasiki Iliyomshinda Jini

Katika mji wa Darisafa alitawala Sultani Khuzaima bin Rabii, mtu wa ndevu nzuri na moyo mwema na masikio yaliyozoea kusifiwa, na habari zake nimezipokea kwa waliozipokea, nami nawapeni kama nilivyopewa, na asiyetaka kusikiliza ainuke sasa hivi, maana mimi nikishaanza sipendi kukatizwa.

Mji huo ulijivunia jambo moja kuliko lulu zake na mabustani yake, nalo ni kwamba Sultani wake hakukata shauri kubwa bila ya kuwauliza raia. Kila nyumba ilipewa buni mbili za kahawa, moja mbichi na moja iliyokaangwa. Mwenye kukubali aliitia mbichi ndani ya kasiki kubwa ya udongo iliyosimama uani kwa Sultani, na mwenye kukataa aliitia iliyokaangwa, kisha kasiki ikapinduliwa juu ya mkeka na buni zikahesabiwa watu wote wakitazama. Na baada ya hapo zilikaangwa zote, zikatwangwa katika kinu kimoja, na walioshinda na walioshindwa wakanywa kahawa ya dele moja ili asiondoke mtu na kinyongo. Wallahi sijapata kusikia desturi nzuri kama hiyo, na mimi ningalizaliwa huko ningalijigamba vilevile.

Aliyezikaanga buni za kukataa alikuwa mjane aitwaye Bi Muzna binti Sahali, aliyeirithi kazi hiyo kwa bibi yake, na ustadi wake ulikuwa mkubwa hata akiijua buni iliyoiva kwa mlio wake ndani ya kikaango. Hakuwa na mtu duniani ila dada yake Zamda, ambaye aliolewa mji wa Sumbari, mwendo wa siku tano kupita mbuga za chumvi. Na Sumbari ilikuwa chini ya dhalimu aitwaye Kahari, na tangu miaka mitatu barua ya Zamda ilikuwa haijafika.

Basi siku moja akaingia barazani mwa Sultani mfua shaba wa Sumbari, jina lake Ghalibu, miguu imepasuka kwa chumvi, akabusu zulia na kusema, "Ewe maulana, Mungu akuzidishie umri. Kwetu sisi mtu akiota ndoto mbaya juu ya mfalme huitwa aeleze kwa nini ameiota. Nilikwenda kuuliza ndugu yangu yuko wapi, wakanichomea karakana. Yuko ndani ya shimo la Kahari, na huu mwaka wa tatu. Nyinyi mna askari, na tumesikia mna pete ya akiki na jini anayeitumikia. Njooni mtutoe, maana sisi tumebaki na macho ya kulilia tu."

Barazani wakalia wote. Akasimama Waziri Nasibu, naye akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa yakitazama migodi ya shaba ya Sumbari. Akasema, "Maulana, Mola ametuneemesha kwa shura, na mwenye neema ni wajibu kuigawa. Twende na jeshi, tumwondoe dhalimu, na tuwapelekee nao kasiki hii yetu, ili wajue maana ya kuulizwa."

Bi Muzna alikuwapo, akimimina kahawa. Akaweka dele chini na kusema, "Maulana, nipe ruhusa ya neno moja."

"Sema, Bi Muzna."

"Sultani wa Hujurati, jirani yetu wa upande wa pili, juzi amewang'oa watu kucha kwa kosa la kuimba. Mbona yeye hatumpelekei kasiki?"

Waziri akajibu, "Yule ni rafiki wa mji huu. Na tena ni mkwe wangu."

"Ahaa," akasema Bi Muzna, akiokota dele lake. "Kumbe hata dhuluma ina ukoo."

Sultani akakohoa, na baraza ikavunjwa. Lakini Ghalibu akamfuata mwanamke yule hadi mlangoni kwake, naye amekasirika, akamwambia, "Bibi, nimesikia una dada Sumbari. Huoni haya kunizuilia wokovu wake?"

"Ninaye dada," akasema Bi Muzna, "na jini akishusha moto juu ya mji, hatauliza nyumba ya Zamda ni ipi."

"Na Kahari je, yeye huuliza?"

Maneno ya Ghalibu yalikuwa ya haki, na mtu mwenye haki ni tabu kumjibu. Bi Muzna akamkaribisha, akampa maji ya kuosha miguu, na wote wawili wakaketi wakiwaza watu wao.

Watu wakatia buni. Kasiki ikapinduliwa, na mbichi zikawa mia tisa na kumi, zilizokaangwa mia sita na nane. Mpiga mbiu akatangaza vita, na wa kwanza kuandikwa askari wa miguu wakawa, kama kawaida, wanaume wa Mtaa wa Ngozi.

Hapo sasa lazima nisimame kidogo niwaeleze, maana kuna jambo watu wa Darisafa walikuwa hawapendi kulisimulia mbele ya wageni. Ng'ambo ya mfereji waliishi watengeneza ngozi. Nao walipewa buni kama wengine, ila babu yake Sultani alisema mikono yao inanuka, na buni hunyonya harufu, na kahawa ya shura itaharibika. Kwa hiyo buni zao zikatiwa katika mfuko wa peke yake, ukapigwa lakiri, ukapitishwa kwa heshima mbele ya watu, kisha ukaenda jikoni kwa mkaangaji ili autupe. Miaka sitini ikapita hivyo. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulikunywa kahawa yake ukaisifu. Nyani haoni kundule, na nyani wa Darisafa walikuwa wamevaa hariri.

Bi Muzna naye alikuwa akitupa. Safari hii mfuko ulipoletwa, ukamkalia jikoni siku tatu, kila akiupita anauona, na kila akiushika unamzidi uzito.

Ikafika siku ya safari. Jeshi likapangwa uwanjani asubuhi, elfu nne kwa farasi na mahema yao, na kasiki ikaletwa imefunikwa kitambaa cha kijani, na Sultani akaisugua pete. Pakatoka moshi wenye harufu ya udi, na ndani yake jini Hamdabali, kichwa kikipita minara, akainama na kusema, "Labeka, maulana."

"Libebe jeshi langu na kasiki yangu mpaka Sumbari."

Jini akalitia jeshi lote kiganjani kama mwanamke abebavyo sinia ya vitumbua, farasi wakilia huko juu. Kisha akanyoosha kidole kimoja aichukue kasiki. Haikwenda. Akaweka kiganja, haikwenda. Akaliteremsha jeshi, akaikumbatia kasiki kwa mikono miwili, na jasho lake likaanguka majani yakaungua, na kasiki ikakaa palepale kama iliyoota mizizi.

Sultani akaona aibu mbele ya watu wake, akasema, "Unanifanyia mzaha?"

"Maulana," akasema jini huku akihema, "mimi nimewahi kukihamisha kisima na maji yake bila ya tone kumwagika. Lakini niliapishwa zamani nisibebe kwa niaba ya mtu ila kile alicho nacho kizima. Jeshi unalo zima. Kasiki hii unayo nusu. Nusu ya pili imo mjini humu, na isipoungana na mwenzake, hata tukija majini sabini hatutaitikisa."

Sultani akaghadhibika, akachomoa upanga na kuapa kwamba aliyemwibia nusu ya kasiki yake kichwa chake kitalala uwanjani. Watu wakatazamana, na Waziri Nasibu akayatazama makubadhi yake.

Bi Muzna akatoka katikati ya watu, akaenda nyumbani, akarudi na mfuko kichwani. Akautua mbele ya Sultani akasema, "Nusu ni hii, maulana. Huu ni mfuko wa Mtaa wa Ngozi, na lakiri yake haijavunjwa. Ya miaka iliyopita niliimwaga mferejini kwa mikono yangu hii, kwa sababu niliambiwa, na kwa sababu nilipenda kuitwa mkaangaji wa Sultani. Wanaokwenda kufa leo ni hawa ambao hamkuwauliza. Tunakwenda kuwafundisha watu wa mbali jambo ambalo tumewanyima watu wa ng'ambo ya mfereji. Kichwa changu kikate, ni haki yako, umeshaapa. Ila hesabu kwanza."

"Mkateni," akasema Waziri. "Maulana, ni babu yako mwenyewe aliyeamuru, hawa mikono yao..."

"Najua," akasema Sultani. Na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa najua, Nasibu. Kila mwaka nilikunywa na kusema kahawa hii ni safi, na nilikuwa najua."

Hapo ndipo ninapompenda mtu huyu, na atakayeniambia masultani wote ni sawa nitagombana naye. Aliurudisha upanga alani na kusema kiapo chake atakifungia saumu, akaketi chini mkekani na joho lake la dhahabu, akaivunja lakiri, akahesabu mwenyewe, moja moja. Zilizokaangwa mia nne na moja, mbichi tatu. Akajumlisha na za kwanza. Waliokubali vita mia tisa na kumi na tatu, waliokataa elfu moja na tisa.

Mwanamke mmoja wa Mtaa wa Ngozi akasema kutoka nyuma, "Si kwamba hatuwaonei huruma wa Sumbari. Twawaonea kuliko nyinyi. Sisi twajua ilivyo mtu kusemewa."

"Jeshi livunjwe," akaamuru Sultani.

Ghalibu akaanguka chini akalia kilio cha kweli, akasema, "Na ndugu yangu? Nyinyi mmejitakasa, na ndugu yangu je?" Bi Muzna akaketi kando yake vumbini, akamwambia, "Sina la kukuambia, kaka. Na mimi dada yangu yuko huko. Najua tu kwamba tulichokuwa tukikuletea hakikuwa kasiki."

Zikakaangwa buni zote pamoja, zikatwangwa, na Sultani akanywa wa kwanza. Ilikuwa na harufu ya ngozi kidogo, nisiwadanganye, na tangu siku ile watu wa Darisafa kahawa isiyo na harufu hiyo hawaitaki. Kisha jini akaigusa kasiki, na kasiki ikainuka kwa kidole kimoja.

Sultani akamgeukia Ghalibu, akasema, "Wewe ndiwe mwenye nchi. Sema wewe, nikufanyie nini?"

Ghalibu akafuta uso. "Nipe kasiki, maulana, nirudi nayo. Na usiinunue tena shaba ya Kahari. Na anayekimbia, mfungulie mlango."

"Nimekubali. Na chumvi ya Hujurati nayo isiingie humu, mpaka kucha za watu ziote." Waziri akaguna, lakini akaguna peke yake.

Basi jini akamtua Ghalibu na kasiki katikati ya soko la Sumbari, adhuhuri, watu wakitazama. Kahari akatuma askari aivunje. Askari akainua rungu, na kasiki ikasema kwa sauti ya chini, "Na wewe, wasemaje?" Yule askari alikuwa na miaka arobaini, na katika umri wake wote hakuna aliyepata kumuuliza hivyo. Akasimama pale na rungu juu. Akatumwa wa pili, naye akaulizwa, na wa tatu vilevile, na marungu yao yakashuka.

Sumbari hawana kahawa, basi wakatumia kokwa za ukwaju kwa kumkubali Kahari na za tende kwa kumkataa, wakila kwanza na kutia baadaye. Na haikuwa kazi ya siku moja, msidanganywe na wasimulizi wenye haraka. Ilichukua miezi saba, na wako waliokufa, Mungu awarehemu. Mwezi wa nane mlinzi wa shimo akaja sokoni, akautumbukiza ufunguo ndani ya kasiki, akaenda zake. Asubuhi yake Kahari aliita atandikiwe farasi, hakupata wa kumtandikia, akaondoka kwa miguu kupitia mbuga za chumvi. Ndugu yake Ghalibu akatoka na nywele nyeupe, naye hai, na Zamda alikuwa pale mdomoni mwa shimo akiwapa watu maji.

Zamda alipokuja Darisafa kumwona dada yake, Ghalibu alikuja naye, na hakuja kwa ajili ya kahawa. Sultani mwenyewe alimwoza Bi Muzna kwa Ghalibu, akampa shamba la mibuni lenye chemchemi mbili, wakaneemeka. Na Waziri Nasibu alipewa cheo kipya, cha kuubeba mfuko wa Mtaa wa Ngozi kichwani kila mwaka mpaka uani kwa Sultani, asije akaupoteza.

Walipomuuliza bibi harusi mahari, akasema dhahabu haitaki. "Nataka buni moja iliyokaangwa. Aiweke katika kisanduku, na siku nitakapomkatalia jambo, aitazame, asininunie."

Hayo ndiyo niliyopewa, nami nimeyatua. Mwenye kutaka kumgawia jirani haki, aangalie kwanza ghalani mwake kama anayo. Na kile kisanduku, waliowaona wanasema, Ghalibu alikifungua mara ya kwanza siku ileile ya harusi, kabla ubani haujazimika, akaitazama buni yake, akacheka.