Mashavu Aliyerudi Kutoka kwa Kakakuona

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na njia.
Nani alipita?
Alipita nguchiro, akaenda, akarudi. Sogeeni basi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na nguchiro mmoja, jina lake Mashavu. Nguchiro mnawajua: wadogo, warefu wa kiwiliwili, wana mistari mgongoni, na kunyamaza hawawezi. Kwao Mashavu walikuwa thelathini, naye wa thelathini na moja, ndani ya kichuguu kimoja. Walikula pamoja, wakalala pamoja, huyu juu ya yule, kama nguo kapuni.

Siku moja Mashavu akamwambia mama yake, "Mama, nataka kwenda ng'ambo ya mto, nchi ya kakakuona. Nasikia hakuna wachimbaji kama wao. Nikajifunze."

"Nenda, mwanangu. Ila urudi."

Akaenda, akakaa miaka saba. Kule kwa kakakuona kulikuwa kimya. Kila mmoja na magamba yake, kila mmoja na shimo lake. Hakuna anayemgusa mwenzake. Ukimtembelea mtu, unasimama nje mpaka akuite, hata jua likuchwee. Mwanzoni Mashavu alilia kwa upweke. Kisha akazoea. Kisha akapapenda. Na Mzee Kakakuona, mwenyeji wake, alimfundisha kuchimba bila kumficha kitu.

Mwisho hamu ya kwao ikamshika. Akaaga, akavuka mto.

Alipofika kichuguuni akasimama mlangoni, akangoja kuitwa. Akangoja, akangoja, mpaka jua likawa utosini. Shangazi yake, Siwema, akatoka na kumkuta.

"We! Nani huyo amesimama kama hakualikwa?"

"Ni mimi, shangazi. Mashavu. Nangoja kuitwa."

"Uitwe kwenu?" Shangazi akapiga kigelegele, na wote thelathini wakamiminika nje. Huyu anamnusa, huyu anamlamba, huyu anamvuta mkia. Mashavu akashtuka, akajikunja duara kama kakakuona. Watoto wakacheka. Mama yake hakucheka.

Ukafika wakati wa kula. Walikuwa wamepata yai la kanga, wakaingiza pua zote kwa pamoja. Mashavu akachukua kipande chake juu ya jani, akaenda nyuma ya kichaka, akawapa mgongo.

Mama akamfuata. "Tumekukosea nini?"

"Hapana, mama. Nimezoea tu."

Ukafika wakati wa kulala. Mguu wa huyu sikioni, tumbo la yule shingoni. Mashavu akawaza, "Mbona hapa pamekuwa padogo? Mbona kelele hivi?" Lakini pale palikuwa vilevile. Aliyebadilika ni yeye.

Asubuhi akaenda kando, akachimba shimo lake mwenyewe. Shimo zuri, limenyooka, kimya tupu. Akakaa ndani akisikitika: "Kule nilikuwa mgeni. Na hapa nimekuwa mgeni. Sasa kwetu ni wapi?"

Siku ya tatu, mchana wa jua kali, nyoka fira akaingia shimoni humo. Shimo lilikuwa na mlango mmoja, maana ndivyo wachimbavyo kakakuona. Nao wanaweza, nani atauma magamba yale? Mashavu akarudi nyuma, akarudi nyuma, mgongo ukagusa ukuta. Akajikunja duara.

Fira akacheka. "Umejikunja vizuri, binti. Magamba yako yako wapi?"

Mashavu akafumba macho.

Wakati huohuo Shangazi Siwema alikuwa anakuja na nyenje mdomoni. "Mashavu! Hujala tangu asubuhi!" Hakusimama, hakungoja. Akaingia moja kwa moja, akakutana na mkia wa fira. Nyenje akaanguka. Shangazi akapiga ukelele.

Wakaja wote thelathini. Wakabanana bega kwa bega, manyoya yamesimama, wakawa kama mnyama mmoja mkubwa mwenye midomo thelathini. Shangazi akauma mkia, mama akauma mkia, wakavuta, wakavuta, fira akatoka nje. Alipomwona mnyama yule akakimbia, wala hakuaga.

Mashavu akatoka. Wakamrukia wote. Safari hii hakujikunja. Alilala katikati yao, akalia.

"Asanteni," akasema. "Asante, shangazi, kwa kuingia bila kuitwa. Nisameheni, nimewapa mgongo."

Mama akamfuta machozi. "Umetoka mbali, mwanangu, na huko mbali kumekuingia. Nasi tumekurukia tu, hata hatukuuliza umerudi na nini."

"Nimerudi na kuchimba, mama."

"Basi tuonyeshe."

Mashavu akachimba chini ya kichuguu siku tatu, kwa ufundi wote aliofundishwa. Akatoa chumba kimoja kikubwa, chenye milango minne ya kukimbilia. Thelathini wakaingia, na Mashavu wa thelathini na moja, akachagua pa kulala pale katikati. Kabla hajasinzia akamshukuru Mzee Kakakuona kwa mikono aliyompa. Kisha akamshukuru kila aliyemlalia.

Wenzangu, ukirudi kwenu ukapaona pageni, usikimbilie kupachukia. Washukuru waliokufundisha kule, washukuru waliokungoja hapa. Na ninyi mnaompokea, muulizeni kaona nini.

Ngano yangu imetua. Tamu yake ichukueni, chungu yake niachieni mimi.