Kiti cha Mwenyekiti na Kiwanda cha Pareto

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi tu, palikuwa na nchi ndogo ya milimani iliyoitwa Usengwe. Ilikuwa nchi ya baridi, ukungu na maua ya pareto. Pareto mnaijua: ua jeupe lenye jicho la njano, na ndani yake mna dawa ya kuulia wadudu. Watu wa Usengwe waliyachuma maua hayo, wakayakausha, wakayauza ng'ambo. Dawa ikawarudia ndani ya makopo yenye maandishi wasiyoyaelewa.

Serikali ikaunda Mamlaka ya Biashara na Uwekezaji, ikaipa kazi moja: leteni kiwanda. Mamlaka ilikuwa na bodi, na bodi ilikuwa na mwenyekiti. Mwenyekiti akafariki. Wakabaki wajumbe watatu, na hakuna wawili kati yao waliokuwa wamepitia njia moja ya maisha.

Wa kwanza alikuwa Lwitiko, balozi mstaafu. Alikaa ughaibuni miaka thelathini, akajua lugha tano, na katika kila mji mkuu alikuwa na mtu wa kumpigia simu.

Wa pili alikuwa Sekela, mfanyabiashara. Shule aliiacha darasa la nne. Alianza kwa kubeba maua kichwani kwenda mnadani, sasa alikuwa na maghala. Lugha ya kigeni hakujua hata moja, lakini ukimfumba macho ukampa ua la pareto alinuse, alikwambia limetoka kijiji gani.

Wa tatu alikuwa Gwantwa, jaji mstaafu. Huyu watu walimwogopa kidogo. Karatasi aliisoma mpaka nukta ya mwisho, kisha akairudia.

Mkuu wa nchi, Mzee Kabuje, akawaita watatu hao. Akasema, "Kiti cha mwenyekiti kiko wazi. Atakayetuletea kiwanda ndiye atakayekikalia."

Basi Balozi Lwitiko akaanza kuandika barua. Alimwandikia Bwana Odrik, mzee mmoja wa nchi ya theluji aliyekuwa na viwanda vya dawa. Aliandika mwaka wa kwanza, hakujibiwa. Aliandika mwaka wa pili, akajibiwa mstari mmoja. Mwaka wa tatu mke wa Odrik akafariki. Balozi akapanda ndege, akakaa msibani siku tatu, na neno pareto halikumtoka kinywani. Mwaka wa nne ikaja barua: "Nakuja."

Odrik akaja. Wakampeleka ghalani. Akachukua ua, akalivunja, akalinusa, akalitupa huku akisema neno moja la kwao. Balozi akatafsiri kwa sauti ya chini, "Anasema yamevunda."

Na kweli yalikuwa yamevunda. Mvua za mwaka ule zilikuwa ndefu, na watu walianika maua chini, kwenye udongo.

"Mwambie anipe wiki tatu," Sekela akasema.

"Mama Sekela, wiki tatu utafanya nini?"

"Wewe mwambie tu, Balozi."

Sekela akapanda mlimani. Akaenda kijiji hadi kijiji, akalala kwa wakulima, akala viazi vyao. Akawaonyesha namna ya kujenga vichanja vya mianzi, maua yakaushwe juu yake, upepo upite chini. Mtu mwingine wangemsikiliza na kuitikia tu, akiondoka waendelee kama zamani. Sekela walimjua tangu alipokuwa akibeba mzigo kichwani. Wakajenga. Wiki ya tatu ilipoisha, akashuka na magunia ishirini ya maua makavu, meupe. Odrik akanusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atue. Akasema mkataba uandikwe.

Mkataba ukaandikwa, ukafika mezani kwa Jaji Gwantwa. Akausoma siku ya kwanza. Akausoma siku ya pili. Siku ya tatu akawaita wote.

"Kifungu cha thelathini na moja," akasema. "Kinampa mgeni maji yote ya chemchemi ya Itula kwa miaka sitini. Nani aliyatoa maji haya?"

Itula ni kijiji cha watu elfu mbili, na hawana chemchemi nyingine.

Odrik akashangaa. "Niliahidiwa kwenye barua."

Wote wakamgeukia Balozi. Balozi akaangalia viatu vyake. "Alikuwa hajibu," akasema. "Nilihitaji kitu cha kumfanya ajibu."

"Balozi!" Sekela akapiga kelele. "Itula ndiko wanakotoka wakulima wangu wazuri kuliko wote!"

Gwantwa akafunga jalada. "Siwezi kuupitisha."

"Jaji, miaka minne nimeihangaikia kazi hii."

"Nimekuelewa, Balozi. Siwezi."

Odrik alikasirika. Akafunga begi lake, akaita gari, akaenda uwanja wa ndege.

Gwantwa hakungoja. Akamchukua Sekela, wakamfuata. Jaji aliijua lugha ya mkataba, hivyo hakuhitaji mkalimani. Akamkuta Odrik ameketi na begi miguuni, akamwambia, "Bwana, ukichukua maji ya Itula, watu wa Itula watahama. Wakihama, nani atapalilia maua? Utakuwa na kiwanda kisicho na kitu cha kusaga. Mto Lumbe uko chini ya mlima na una maji ya kutosha. Jenga huko."

Odrik akafikiri. Kisha akamnyooshea Sekela kidole. "Nimeshadanganywa mara moja. Mwulize huyu mama. Yale maua aliyonionyesha ni ya hapa kweli?"

Jaji akatafsiri. Sekela angeweza kusema ndiyo, na nani angejua?

"Magunia kumi na mawili ni yetu," akasema. "Manane niliyanunua ng'ambo ya mpaka. Mvua haikunipa nafasi. Niliogopa utaondoka."

Jaji akatafsiri neno kwa neno, asipunguze hata moja.

Odrik akasimama, akanyanyua begi. Hapo ndipo Balozi Lwitiko alipoingia, akitokwa jasho, tai imepinda. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na Odrik, akazungumza naye kwa lugha ya nyumbani kwake Odrik, ile ambayo Jaji hakuijua.

"Nilikudanganya. Maji hayakuwa yangu."

Odrik akamwuliza, "Ulikaa na mimi msibani siku tatu. Hata hilo lilikuwa kwa ajili ya maua?"

Balozi akajibu, "Siku ya kwanza, ndiyo. Siku ya pili niliyasahau maua."

Mzee yule akarudi kukaa. Wakamtangazia ndege yake mara ya kwanza, wakamtangazia mara ya pili. Ndege ikaondoka bila yeye.

Akasema, "Nawapa msimu mmoja. Maji ya Itula siyataki. Maua yakiwa makavu, na yote yakiwa yenu, nitajenga Lumbe."

Sekela akafunga maghala yake, msimu mzima akaumalizia milimani kwenye vichanja. Maua yakatoka makavu, yote ya Usengwe. Kiwanda kikajengwa Lumbe. Chemchemi ya Itula ikabaki kuwa ya Itula.

Mzee Kabuje akawaita tena wale watatu. "Kiwanda kimekuja. Kila mmoja aseme."

Balozi akasema, "Nisingeandika, asingekuja. Nisingekaa naye msibani, asingerudi kukaa. Nilikosa, ndiyo, lakini kosa langu ndilo lililofungua mlango."

Sekela akasema, "Angekuja akakuta maua mabovu, angerudi siku ile ile. Nilikosa, na nimekiri mwenyewe bila kushikwa. Barua hazikaushi maua."

Gwantwa akasema, "Mimi sikumleta mtu, na sikukausha ua hata moja. Lakini leo watu wa Itula wanachota maji yao. Na sikumdanganya mtu yeyote."

"Ila ungeachiwa peke yako, Jaji," Balozi akamwambia kwa upole, "tungekuwa na karatasi safi na bonde tupu."

"Na ungeachiwa peke yako, Balozi," Jaji akajibu, "tungekuwa na kiwanda na kijiji chenye kiu."

Sekela akacheka, akawaambia, "Na ninyi wawili mngeachiwa peke yenu, mngekuwa bado mnaandikiana barua."

Hata Mzee Kabuje alicheka. Kisha akakumbuka kwamba kiti ni kimoja, na kwamba mwaka ule ule mgeni mwingine alikuwa njiani, anatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha ngozi. Akayatazama majina matatu kwenye karatasi, kalamu mkononi.

Haya, mmewasikia wote watatu, na kalamu sasa ni yenu. Je, nani alistahili kiti?