Gauni la Bluu Lililokaa Kwenye Kibubu

Hii nimetumiwa na shemeji yangu kwenye kundi la familia. Nimeisoma nikacheka peke yangu, nikaona ni uchoyo nikibaki nayo.

Tunsume alikuwa anasoma chuo kimoja huko Iringa, na alipenda nguo kupita kiasi. Kwao Tukuyu alikuwa na gauni moja tu la kanisani, la kurithi kwa dada zake. Alipofika chuoni akashika pesa ya matumizi mkononi mwake, akili yote ikahamia kwenye mitumba.

Tatizo ni kwamba mkopo haukutosha ada yote. Baba yake, mkulima wa ndizi, alimwambia waziwazi: "Mwanangu, nitakupa nilichonacho. Kinachobaki ujibane mwenyewe." Na chuoni pale asiyemaliza ada hakuingia kwenye chumba cha mtihani, hata angelia vipi.

Tunsume akanunua kibubu, kile kisanduku cha mbao kisicho na mlango, chenye tundu la kupitishia pesa tu. Mwanzoni hakikuingia kitu. Jumamosi ikifika, pesa zote ziliishia sokoni.

Ndipo akajitungia ujanja wake. Alikwenda kwenye meza ya Mzee Kihwele, muuza mitumba, akachagua gauni zuri la bluu. Akajipima mbele ya kioo. Akapatana bei mpaka mzee wa watu akatoka jasho. Walipokubaliana, akashukuru, akalirudisha gauni mezani, akaenda zake chumbani na kutumbukiza pesa ileile kwenye kibubu.

"Leo nimenunua gauni la bluu," akamwambia Kuruthumu, mwenzake wa chumbani.

Kuruthumu akatazama huku na huku. "Liko wapi?"

Tunsume akagonga kibubu. "Humu."

Kuruthumu alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa ananunua kweli, kabati lake halifungi. Tangu siku hiyo Tunsume akawa "ananunua" hivyohivyo kila Jumamosi, mara gauni, mara viatu vyekundu, na utani ukawa huo. Tunsume akitoka na sketi yake ileile, Kuruthumu anamwambia, "Shoga, umependeza! Hivyo viatu vyekundu vimekukaa, ila havionekani."

Tunsume naye anacheka. Alikuwa na raha zake. Kuchagua alishachagua, kujipima alishajipima, na bei alishaipiga chini.

Aliyekasirika ni Mzee Kihwele. Sokoni kuna adabu yake: ukikubaliwa bei yako, unalipa. Jumamosi moja, karibu na mtihani, akalishika lile gauni na kupaza sauti.

"Binti, wewe unanichezea! Tulishapatana. Hiki kitu ni chako, lipa!"

Watu wakageuka. Tunsume aliona aibu, machozi yakamlengalenga. Akilipa, ada itapungua na mtihani ataukosa. Ikabidi aeleze yote.

"Nisamehe, baba. Tukishapatana bei, pesa hiyo naenda kuitia kwenye kibubu. Nguo zako ndizo ada yangu."

Mzee akamgeukia Kuruthumu, aliyekuwa pembeni na mfuko wake umejaa. "Ni kweli haya?"

"Kweli kabisa, baba. Tunamcheka kila siku."

Mzee akalitundika gauni kwenye msumari nyuma yake. "Basi umeshalinunua. Halitauzwa kwa mwingine. Kalipe ada kwanza."

Wiki ya ada ilipofika, Tunsume akavunja kibubu. Gauni la bluu likatoka na bei yake yote. Viatu vyekundu navyo hivyohivyo, hata shilingi haikupungua. Akalipa ada, na kiasi kikabaki.

Kuruthumu alikuwa na kabati limejaa na ada haijaisha. Akabeba nguo zake, akazipitisha mlango kwa mlango, na wenzake wakamlalia bila huruma. Koti alilolinunua kwa bei mbaya liliondoka kwa bei ya sahani ya chipsi. Aliuza karibu zote, na bado pesa haikutimia. Akakaa kitandani analia.

Tunsume akamwekea mkononi pesa iliyobaki.

"Chukua. Ni lile gauni la bluu."

"Na wewe utavaa nini?"

"Nimelivaa muhula mzima, hukuliona tu."

Wote wawili waliingia kwenye mtihani, na wote wawili wakafaulu.

Muhula uliofuata, Jumamosi ya kwanza, Kuruthumu alirudi kutoka sokoni. Kwapani alibana kibubu kipya. Akakiweka mezani, akatumbukiza noti, akasema bila hata kutabasamu, "Leo nimenunua koti."

Tunsume alicheka, safari hii akakaa chini yeye.

"Usicheke, sijamaliza," alisema Kuruthumu. Akatoa kifurushi cha gazeti kwenye mkoba. "Uliniazima gauni la bluu. Deni hulipwa kwa kitu kilekile. Mzee Kihwele anakusalimu, anasema hajapunguza wala hajaongeza bei mliyopatana."

Tunsume alilivaa palepale, akajigeuza mbele ya kioo.

"Umependeza, shoga," alisema Kuruthumu. "Na leo linaonekana."

Kama una mtoto, mdogo wako au jirani aliye chuoni, mpelekee hii kabla hajapita sokoni.

Funzo: Pesa uliyojizuia kuitumia itakurudia yote siku ya shida, lakini kitu ulichonunua kwa tamaa, siku ukitaka kukiuza, hata rafiki yako atakulalia.