Kiti cha Mbuzi Watatu

Mkono wa mama si mkanda. Mmemsikia jirani akimwambia mkwewe maneno hayo asubuhi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Yalizaliwa hapa hapa Kwembago, na mkasa ulioyazaa ulitokea mimi nikiwa kwenye usukani.

Wakati huo nilikuwa na teksi, gari dogo jeupe, la pekee kijijini. Wanawake waliojifungulia hospitali ya mjini, mimi ndiye niliyewarudisha nyumbani. Mtoto alipakatwa na mama yake, nasi sote tukiamini kuwa hakuna mahali salama kuliko hapo.

Siku moja nilimchukua Mwanahawa, mkulima wa viazi, akitoka kliniki na binti yake Saumu wa miezi mitano. Mwanahawa huyu mnayemwona leo akitembelea fimbo, enzi zile alipanda mlima na debe la viazi kichwani bila kutua. Tulipopita daraja, ng'ombe akakatiza barabara. Nikakanyaga breki, gari likaserereka na kugonga ukingo wa udongo. Hatukuwa katika mwendo mkali. Hata hivyo Saumu alichomoka mikononi mwa mama yake, akajigonga kwenye dashibodi, na mfupa wa bega ukavunjika.

Mtoto alipona. Jina la mama yake ndilo lililobaki na jeraha. Bombani na sokoni watu waliulizana, "Mama gani huyo anayemwachia mwanawe?" Mama mkwe wake, Bi Mkunde, hakumwacha tena ambebe mtoto njiani. "Nipe mimi ninayejua kushika," alikuwa akisema, mbele za watu.

Nami nilinyamaza. Niliogopa lawama zisije zikanigeukia, nikakosa abiria. Ukimya ule sijauonea fahari hata siku moja.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemfungua macho Mwanahawa. Alimweleza kwamba gari likisimama ghafla, mtoto husukumwa mbele kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa kuizuia, na kwamba viko viti maalumu vya watoto, vyenye mikanda yake. Mwanahawa akatuma mtu Tanga akaulize bei. Jibu lilirudi: kiti kimoja, thamani ya mbuzi watatu. Nani angeuza mbuzi watatu, na kijiji kizima kinaamini kwamba kosa ni la mikono ya mwanamke mmoja?

Siku ya mkutano wa kikundi cha wakulima wa viazi, Mwanahawa aliomba wote washuke uwanjani. Tukakuta mkokoteni juu ya mteremko, na chini yake ukuta wa matairi makuukuu. Ndani ya mkokoteni mlikuwa na vifuko viwili vya viazi, kila kimoja na uzito wa Saumu. Kimoja alikuwa amekifunga kwa mkanda uliotolewa kwenye gari bovu. Cha pili akampa Mbelwa, mpagazi wa sokoni aliyekuwa akijitwisha gunia peke yake, kisha akampandisha Mbelwa mkokotenini na kumfunga yeye mwenyewe barabara asije akaanguka.

"Huyo ni mwanao," akamwambia. "Usimwachie."

"Shemeji, huyu hata mkono mmoja unamtosha!" Mbelwa akajibu. Watu wakacheka.

Vijana wakausukuma mkokoteni, wakauachia. Uliteremka kwa mwendo wa baiskeli tu, ukajipigiza kwenye matairi, puu! Kifuko cha Mbelwa kikaruka juu ya ukuta, kikapasuka, viazi vikatapakaa mpaka miguuni kwa Bi Mkunde. Kile kilichofungwa kwa mkanda hakikusogea.

Mbelwa alibaki akitazama viganja vyake. "Sikumwachia," alisema polepole. "Wallahi sikumwachia. Nimenyang'anywa."

Hakuna aliyecheka tena. Mwanahawa akanigeukia.

"Shembilu, wewe ulikuwepo. Mimi nilimwachia mwanangu?"

"Hukumwachia," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kipande cha nguo yake kilibaki ndani ya ngumi yako. Nilikiona, nikanyamaza. Nisamehe."

Akainua kichwa. Sijawahi kumwona mtu akisimama wima vile. "Basi sikieni, jamani. Mkono wa mama si mkanda! Mapenzi tunayo sote. Tunachokosa ni kiti."

Bi Mkunde aliinama, akaanza kuokota viazi akivitia katika kanga yake. Alipomaliza akamsogelea mkwewe. "Mbuzi mmoja atatoka kwangu," alisema. "Na mwanao mbebe mwenyewe, mama."

Baada ya mavuno kikundi kizima kilichanga, na viti vitatu vikafika kutoka Tanga. Havikuwa vya mtu mmoja. Viliwekwa zahanati, na mwenye mtoto akisafiri aliazima, awe mwanachama au asiwe. Mtoto akikizidi kiti, kinarudi kumngoja mwingine. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kutazama, wakaenda kuanzisha vyao.

Mwaka uliofuata alipita bwana mmoja mkubwa kutoka mjini, na gari refu linalong'aa, mkewe amempakata mtoto mchanga. Walisimama zahanati kuomba maji. Mwanahawa alikuwa pale siku hiyo, ana udongo wa shamba miguuni. Alipomwona yule mtoto akaenda kusimama mbele ya gari, akawaambia waazime kiti kwanza.

"Mama, gari langu ni zuri sana," yule bwana akamwambia. "Na mke wangu anamshika vizuri."

"Hilo silipingi, baba," Mwanahawa alimjibu. "Lakini mkono wa mama si mkanda."

Yule bwana alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe. Kisha akazima gari, akashuka, akaazima kiti kutoka kwa wakulima wa viazi.