Mkate Uliorudi

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana walioketi nyuma hawajaitika!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, siku ya Alhamisi, mara baada ya sala ya alasiri, manyunyu yakidondoka juu ya makuti, msichana aitwaye Mize alikuwa jikoni kwa bibi yake akipepea moto wa mofa, lile tanuri la udongo lenye mdomo juu kama mtungi. Bibi huyo aliitwa Bi Mwanamkuu. Kijiji kizima kilimjua kwa mkate wake wa mtama, uliotiwa majani mabichi ya bustani ya uani: mchaichai, nanaa, na zaidi ya yote, mrehani.

Lakini uani hapo kiliota pia kivumbasi, kile kinachofukizwa kufukuza mbu. Kivumbasi na mrehani, jamani, hufanana kama watoto wa tumbo moja. Macho hudanganyika; pua ndiyo huamua. Ndiyo maana Bi Mwanamkuu alikuwa na desturi yake. Alifinya jani, akalinusa, akalitia ungani. Finya, nusa, tia. Finya, nusa, tia. Kisha akakanda, akaubandika mkate ukutani mwa mofa kwa kiganja kitupu. Pa! Pa! Pa!

Masika yaliyotangulia, bibi aliugua homa kali. Akapona. Tangu hapo, kila mkate ulipotoka motoni, alimmegea Mize kipande akamwuliza:

"Mwanangu, unanukiaje?"

Mara ya kwanza Mize alipoonja, mkate ulikuwa mchungu, ukinuka kama chumba kilichofukizwa. Akaitazama mikono ya bibi yake, iliyobabuka kwa miaka ya moto. Akasema:

"Unanukia, bibi. Mrehani mtupu."

Majirani nao wakala, wakameza, wakasema mkono wa Bi Mwanamkuu haujapungua. Hakuna aliyeomba kipande cha pili.

Sasa, Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya posa. Kijana Fumo wa kijiji cha pili alimtaka Mize, na Mize alimtaka Fumo. Na desturi yao ilikuwa hivi: shangazi wa mwanamume hupewa mkate wa nyumba ya mke. Akiumaliza, posa imekubaliwa. Mkate ukirudi siniani, posa imerudi.

"We Mize, punguza kupepea!" jirani yao, Bi Saumu, alimtania kutoka mlangoni. "Utamwunguza bwana harusi kabla hajavua viatu!"

Mize akacheka. Mkate ukatoka. Bibi akammegea kipande.

"Unanukiaje, mwanangu?"

Mize akaonja. Mchungu. Akafungua kinywa aseme. Mara, hodi! Hodi! Wageni wamefika, na unga ulikuwa umekwisha.

"Unanukia, bibi," akasema.

Shangazi wa Fumo alimega, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Huu ni mkate, au dawa ya mbu?" akauliza. "Mtoto wetu amekuja kuoa, hakuja kufukizwa."

Akaurudisha mkate siniani.

Bi Mwanamkuu akainuka, mkono ukutani. "Wageni wetu, mkate umeharibika, na aliyeuharibu ni mimi. Mtoto huyu hana kosa. Nakuombeni mnihukumu mimi, msimhukumu yeye."

"Hatukukasirika, bibi yetu," shangazi akajibu, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Lakini mkate umerudi."

Wakaondoka. Fumo aligeuka mara moja, kizingitini, kisha akawafuata wakubwa wake.

Jikoni moto ulikuwa unakufa. Bibi akaketi.

"Mize. Ulikuwaje mkate ule?"

"Mchungu, bibi."

"Na wa juzi?"

"Mchungu."

"Na ule wa kabla yake?"

Mize akaangua kilio. "Yote, bibi! Yote, tangu ulipoinuka kitandani. Nilidhani unataka kusifiwa tu."

"Sikutaka sifa. Nilikuwa nakuuliza. Ile homa iliondoka na pua yangu, mwanangu. Sisikii harufu ya moshi wala ya mrehani, na ulimi nao hautambui ladha."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Mpishi asiye na pua, nani atakula chakula chake?" Akayafuta machozi ya mjukuu wake kwa ncha ya kanga. "Basi haya yangu na huruma yako ndizo zilizoila posa yako."

Hakumpiga. Hakumkaripia. Kulipokucha alimshika mkono akampeleka uani, penye majani yenye umande.

"Finya," akasema. Mize akafinya.

"Nusa." Akanusa.

"Sema kweli."

"Kivumbasi, bibi."

"Haya, la pili."

Finya, nusa, sema. Finya, nusa, sema. Tangu siku hiyo mikono ilikuwa ya bibi, pua ilikuwa ya Mize. Harufu ya mkate ikarudi, ikavuka ua, ikafika njiani, na watoto wakaanza tena kuomba kipande cha pili. Fumo hakurudi. Kabla ya kaskazi kwisha, alioa kwingine.

Vuli ilipoingia, Bi Mwanamkuu alifariki alfajiri, mofa ikiwa bado baridi. Wanawake wakamtuma Mize uani kuchuma mrehani wa kuweka juu ya sanda.

"Chuma upesi, Mize," Bi Saumu akamhimiza. "Wanaume wanangoja nje."

"Wangoje," Mize akajibu.

Akainama. Finya, nusa. Finya, nusa. Kilichokuwa kivumbasi akakitupa kando, na machozi hayakumzuia kunusa.

Enyi mnaonisikiliza, mtu akikuuliza, huenda ana haja ya jibu. Usimpe sifa mahali alipoomba kweli. Ngano yangu naitua hapa, kifuani pa Bi Mwanamkuu, juu ya matawi aliyoyapanga mjukuu wake. Yalikuwa tisa, na yote tisa yalikuwa mrehani.