Asili ya Sanamu za Vyombo za Kwemvuo

Mmezitazama sanamu hizi za vinu, miiko na vibuyu, mkauliza nani alianza kuziunda. Kaeni niwaeleze kama alivyonieleza bibi yangu.

Zamani, watu wa Kwemvuo hawakuwa na sanamu. Mtu akifa, vyombo vyake waligawana nduguze, wakaendelea kupikia na kutekea maji. Kisha ukaja ugonjwa wa vipele, ukamaliza nyumba nzima nzima. Zumbe, mtawala wao, akaamuru vyombo vya wafu vitupwe korongoni, na atakayevigusa asirudi kijijini.

Mwanamke mmoja, Nambua, alizika mume, kisha akamzika binti yake Chausiku. Aliporudi nyumbani kutoka makaburini hakukuta kitu cha mtoto, hata mwiko. Akashuka korongoni. Huko akakiona kinu cha Chausiku kimepasuka. Akakisimamisha, akakifungia miiko miwili iwe mikono, juu akaweka kibuyu kiwe kichwa. Kilipokaa sawa, alilia mpaka sauti ikakauka.

Hakurudi tena kijijini, ila mara moja alinyemelea nyumbani kuchukua vyombo vyake mwenyewe. Alikuwa ameanza kuwaunda wafu wa majirani, maana alikijua chombo cha kila mmoja. Palipopungua kiungo, alitoa chungu chake, ungo wake, hata kigoda alichokalia.

Zumbe alipopata habari alishuka na watu wake kuzivunja. Aliinua rungu, kisha akalishusha polepole. Mbele yake palikuwa na mtungi umeinama kidogo upande.

"Mke wangu alikuwa akiinamisha kichwa hivi," alisema.

Nambua alimjibu kwa mbali, "Usinisogelee, Zumbe. Vipele vimeshanitoka. Wajengee nyumba tu, wasinyeshewe."

Alifia pale pale. Nyumba ikajengwa, ndiyo hii. Walipotaka kumuunda Nambua naye, walitafuta chombo chake wasipate. Vyote vilikuwa vimeshakuwa mikono na vichwa vya watu wengine, na hakuna aliyekubali marehemu wake afunguliwe.

Na tangu siku hiyo, mtu akifiwa hapa Kwemvuo huunda sanamu ya marehemu wake kwa vyombo alivyoacha, akaisimamisha humu. Lakini hapo kando ya Chausiku hapasimamishwi mtu. Tunapafagia tu.