Bi Mize Anunua Moshi

Bila vibali vya hewa ukaa, tanuri la chokaa la tajiri Mbaruku halikuruhusiwa kuwashwa. Siku ya mnada wa vibali hivyo alichelewa makusudi ili bei ishuke, akakuta vyote vimenunuliwa na jirani yake Bi Mize, muuza vitumbua, kwa pesa za upatu wa wanawake waliochoka kufua nguo zenye masizi ya tanuri hilo.

"Niuzie, Bi Mize. Nakupa mara mbili."

"Kwanza nieleze, bwana. Kibali ni cha tanuri peke yake?"

"Cha moshi wowote!"

"Na kikishatumika?"

"Ndiyo basi tena, hakiuziki."

Bi Mize akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, umenitoa hofu. Nilidhani nimevunja sheria." Akamsogezea sahani ya vitumbua. "Karibu, bado vya moto. Leo kuni zilikuwa mbichi, nikawashia vibali vyote."